Wafalme, mapapa na makabaila: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Ulaya ya Zama za Kati

Historia hii huwachosha wengi kwa majina. Kina Henry na kina Louis hawaishi, na mapapa ndio usiseme. Kabla hujakariri jina hata moja, uliza mambo matatu: nani ana haki ya kumteua nani, nani anarithi nini, na nani analipa kodi kwa idhini ya nani. Ugomvi karibu wote wa enzi hizo unaingia humo, hata ule uliopiganwa kwa jina la Mungu.

Zama za Kati ni lini hasa?

Wengi huanza kuhesabu mwaka 476, pale jemadari Odoacer alipomwondoa madarakani kijana Romulus Augustulus, kaizari wa mwisho wa Roma ya magharibi, huko Italia. Mwisho wake wengine huuweka 1453, Waosmani walipoiteka Konstantinopoli (Istanbul ya leo), wengine 1492, Columbus alipofika Amerika. Mipaka hiyo iliwekwa baadaye kwa ajili ya vitabu. Upande wa mashariki Dola la Roma halikuanguka mwaka 476 hata kidogo. Liliendelea kwa karibu miaka 1000 zaidi, na hao tunaowaita Wabizanti walijiita Warumi mpaka siku ya mwisho. Ukitaka alama ya kwetu ya kupimia, Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Vita vya Miaka Mia kati ya Uingereza na Ufaransa vilikuwa vimebakiza miaka 6 kuanza.

Kwa nini Charlemagne anatajwa kila mahali?

Alikuwa mfalme wa Wafranki tangu 768, na kwa vita vya karibu kila mwaka aliweka chini yake sehemu kubwa ya nchi ambazo leo ni Ufaransa, Ujerumani na Italia ya kaskazini. Siku ya Krismasi mwaka 800, Papa Leo III alimvika taji la kaizari mjini Roma. Papa naye alikuwa na shida zake. Mwaka uliotangulia maadui zake walimvamia barabarani wakitaka kumtoa macho, akakimbilia kwa Charlemagne kuomba ulinzi. Kila mmoja alimhitaji mwenzake. Lakini mkono ule wa Papa juu ya kichwa cha kaizari uliacha swali lililoisumbua Ulaya kwa karne nyingi: aliyetoa taji, je, anaweza kulichukua?

Charlemagne alikufa 814. Wafranki walikuwa na desturi ya kuwagawia urithi wana wote, kwa hiyo mwaka 843 wajukuu wake watatu waligawana dola kwa Mkataba wa Verdun. Upande wa magharibi ukaja kuwa Ufaransa, wa mashariki ukawa Ujerumani, na kipande cha katikati kikabaki kugombaniwa. Alsace na Lorraine zilikuwa zikibadilisha mwenyewe hata katika karne ya 20.

Dola Takatifu la Roma lilikuwa nchi gani?

Lilikuwa mkusanyiko wa mamia ya himaya, miji na maeneo ya maaskofu, mengi yake katika Ujerumani ya leo, chini ya kaizari mmoja. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia Otto I, aliyevikwa taji 962, na jina lilidumu hadi 1806. Jambo la kushika ni kwamba mtawala wake alichaguliwa. Hati ya Dhahabu ya mwaka 1356 iliwataja wapiga kura 7: maaskofu wakuu wa Mainz, Köln na Trier, mfalme wa Bohemia, na watawala wa Palatino ya Rhine, Saksonia na Brandenburg. Kila uchaguzi ukawa msimu wa mavuno kwa hao saba, maana mgombea hakuja mikono mitupu: walipewa ardhi, haki za kutoza ushuru, hata fedha taslimu. Huku wafalme wa Ufaransa wakikaza kamba ya mamlaka, kaizari alikuwa akiilegeza kila anapohitaji kura.

Ukabaila ulifanyaje kazi?

Kwa wakubwa ulianza na kiapo. Kabaila alipiga magoti, akakutanisha viganja vyake na kuviweka ndani ya mikono ya bwana wake, akaapa kuwa mtu wake. Alipewa ardhi, naye alidaiwa askari wa farasi, mara nyingi kwa siku 40 kwa mwaka. Siku 40 zikiisha, angeweza kufunga mizigo na kurudi nyumbani vita vikiwa bado vinaendelea, na wengine walifanya hivyo.

Kwa mtwana, yaani mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, hapakuwa na sherehe. Hakuuzwa sokoni kama mtumwa, ila hakuruhusiwa kuhama bila ruhusa, na shamba likipata mwenyewe mpya naye alikwenda nalo. Siku kadhaa za wiki alilima shamba la bwana kabla ya kugusa lake. Ngano yake ilibidi isagwe kwenye kinu cha bwana kwa malipo. Binti yake akiolewa, ada. Akifa, bwana alichukua mnyama bora kuliko wote zizini, na mara nyingi padre akamchukua wa pili, wakati familia ingali na msiba.

Waliosoma nyarubanja ya Buhaya au ubuhake wa Rwanda darasani wataona mfanano, ila wasiulazimishe. Katika ubuhake kilichomfunga mtu kwa bwana wake kilikuwa ng'ombe. Kule Ulaya kilichomfunga kilikuwa ardhi, pamoja na mahakama ambayo hakimu wake alikuwa bwana huyohuyo. Mlango wa kutokea ulikuwa mji. Katika miji mingi, mtwana aliyeishi humo mwaka mmoja na siku moja bila bwana wake kumdai alihesabiwa mtu huru.

Papa hakuwa na jeshi kubwa. Aliwezaje kumtikisa mfalme?

Kwa sababu karibu kila kitu kilipita mikononi mwa Kanisa. Makarani wa wafalme walikuwa watu wa Kanisa, kwani ndio waliojua kusoma na kuandika. Maaskofu na monasteri walimiliki ardhi kubwa. Ubatizo, ndoa, wosia, viapo na maziko vilikuwa vyao. Na Papa alikuwa na silaha moja nzito: kumtenga mtu na Kanisa. Mfalme aliyetengwa aliwapa raia wake sababu halali ya kukana kiapo chao.

Kisa cha Canossa kinaonyesha vizuri. Heinrich IV wa Ujerumani na Papa Gregori VII waligombania nani amkabidhi askofu pete na fimbo, yaani nani amteue. Si jambo dogo: askofu wa Ujerumani alikuwa pia mtawala wa ardhi na mwenye askari, kwa hiyo mfalme asiyeteua maaskofu hana serikali. Januari 1076 Heinrich alitangaza kwamba Gregori si Papa. Mwezi uliofuata Gregori akamtenga na Kanisa na kuwafungua raia wake viapo. Makabaila wa Ujerumani, ambao wengi wao walikuwa wakisubiri nafasi hiyohiyo, walimpa mfalme muda: asipoondolewa adhabu ndani ya mwaka mmoja, watatafuta mfalme mwingine.

Heinrich akavuka milima ya Alpi katikati ya baridi kali. Mwishoni mwa Januari 1077 alisimama siku tatu nje ya lango la ngome ya Canossa, miguu mitupu, amevaa nguo ya sufu ya mtu mwenye kutubu. Ngome ilikuwa ya Matilda wa Toscana, na yeye pamoja na Hugo, abati (mkuu wa monasteri) wa Cluny aliyekuwa baba wa ubatizo wa Heinrich, ndio waliombembeleza Papa afungue. Gregori alikuwa amebanwa: padre hawezi kumnyima msamaha anayetubu mbele ya macho ya watu.

Watu wengi huishia hapo na kusema Papa alishinda. Soma mbele kidogo. Makabaila walimchagua mfalme mwingine, Rudolf wa Swabia, ambaye mwaka 1080 alikatwa mkono wa kuume vitani akafa. Wafuasi wa Heinrich hawakuchoka kukumbusha kwamba ndio mkono uliomwapia mfalme. Heinrich alitengwa mara ya pili, safari hii hakutubu. Aliiteka Roma mwaka 1084, akamweka Papa wake, naye akamvika taji la kaizari. Gregori alifia ugenini Salerno mwaka 1085. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na suluhu ilikuja wote wawili wakiwa kaburini: Mapatano ya Worms ya mwaka 1122 yaliliachia Kanisa pete na fimbo, mfalme akabaki na fimbo ya kifalme, alama ya ardhi.

Magna Carta ilikuwa katiba ya wananchi?

Hapana, na ni vizuri kuliweka wazi, kwa sababu hunukuliwa sana. Ilikuwa makubaliano ya kusimamisha mapigano kati ya Mfalme John wa Uingereza na makabaila waliomchoka. Alikuwa amepoteza Normandy, ardhi yake iliyotwaliwa na mfalme wa Ufaransa, mwaka 1204, akawakamua kodi kwa miaka 10 ili airudishe, na mwaka 1214 washirika wake wakashindwa vibaya na Wafaransa huko Bouvines. Fedha zimekwenda, ardhi haikurudi. Tarehe 15 Juni 1215, kwenye uwanja wa Runnymede kando ya mto Thames, John alikubali hati yao. Ilipigwa mhuri, picha zinazomwonyesha ameshika kalamu ni ndoto za wachoraji.

Ukiisoma utashangaa ilivyo ya mambo ya nyumbani. Inataka mitego ya samaki iondolewe katika mto Thames na mto Medway. Inataka kipimo kimoja cha mvinyo, bia na nafaka nchi nzima. Inasema mjane asilazimishwe kuolewa tena, kwa kuwa wafalme walikuwa wakiuza ndoa za wajane matajiri. Katikati ya hayo kuna vifungu vilivyoishi: mtu huru asikamatwe wala kufungwa ila kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi, na haki isiuzwe, isinyimwe wala kucheleweshwa. "Mtu huru" hapo haikumhusu mtwana, na watwana walikuwa wengi mno.

Hati haikudumu hata miezi mitatu. Papa Inosenti III aliifuta mwezi Agosti kwa maombi ya John mwenyewe, vita vikazuka, John akafa Oktoba 1216. Kilichoiokoa ni mtoto. Washauri wa Henry III, aliyetawazwa akiwa na miaka 9, waliitoa upya ili kuwatuliza makabaila, na toleo la 1225, lililotolewa ili mfalme apewe kodi, ndilo lililoingia katika sheria. Umeona tena: kodi.

Mabunge yalianza hapo?

Hayakuanza Uingereza. Waaislandi walikuwa na bunge lao, Althing, tangu 930, na mfalme Alfonso IX wa León, katika Hispania ya leo, aliita wawakilishi wa miji mwaka 1188. Uingereza ilifuata 1265 chini ya Simon de Montfort, kabaila mwasi, Ufaransa mwaka 1302. Sababu ni ileile: miji ilikuwa imetajirika, na mfalme aliyetaka fedha zake ilibidi azungumze nayo.

Vita vya Msalaba vilikuwa vya dini au vya mali?

Vyote viwili, na katika mtu mmoja. Papa Urbano II alipohubiri huko Clermont, Ufaransa, Novemba 1095, alikuwa ameombwa msaada na kaizari wa Konstantinopoli dhidi ya Waturuki Waseljuki. Walioitika wengi waliamini kabisa wanakwenda kufutiwa dhambi. Waliuza au kuweka rehani mashamba yao ili wapate nauli, na wengi hawakurudi na chochote. Lakini njiani baadhi yao waliwaua Wayahudi wa miji ya Rhine mwaka 1096, na walipoingia Yerusalemu tarehe 15 Julai 1099 waliwachinja Waislamu na Wayahudi waliokuwamo.

Salahuddin Ayubi, sultani wa Misri na Shamu, alivunja jeshi lao Hattin, Julai 1187, akaupata mji wa Yerusalemu Oktoba mwaka huo kwa mapatano. Fidia ilikuwa dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke; walioshindwa kulipa walichukuliwa utumwani, ingawa yeye na ndugu yake waliwaachia wengi bure.

Msafara wa Nne wa Vita vya Msalaba ndio wa aibu kuliko yote. Wapiganaji walikodi meli za Venezia, wakashindwa kulipa, wakageuzwa kuwa askari wa madeni, na mwaka 1204 wakaupora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao. Farasi wa shaba walioporwa huko wako Venezia mpaka leo. Kwa upande mwingine, mwaka 1229 kaizari Friedrich II aliipata Yerusalemu kwa mazungumzo na Sultani al-Kamil bila vita, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ametengwa na Kanisa. Ngome kubwa ya mwisho ya wapiganaji wa msalaba, Akka, ilianguka 1291.

Wanajeshi wa Hekalu walikuwa kina nani, na waliishia wapi?

Walikuwa watawa wenye silaha, walioanza Yerusalemu mnamo 1119 kuwalinda mahujaji. Wakaja kuwa mahali pa kuhifadhi fedha: mtu alikabidhi mali Paris, akaichukua Palestina. Mfalme Philippe IV wa Ufaransa, aliyekuwa na madeni mengi, aliamuru wakamatwe wote siku moja, Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1307. Waliteswa wakakiri uzushi na uchafu wa kila namna. Papa akalivunja shirika lao 1312, na mkuu wao Jacques de Molay akachomwa moto Paris 1314. Mengine yote unayosikia kuhusu hazina iliyofichwa ni hadithi za kuuzia vitabu.

Ureno haikuwafuta kabisa. Mfalme Dinis alianzisha Shirika la Kristo mwaka 1319, likarithi mali zao, na karne iliyofuata Mwanamfalme Henrique alisimamia shirika hilo huku akigharimia safari za kushuka pwani ya Afrika. Msalaba wa shirika hilo ndio uliochorwa kwenye matanga ya meli za Wareno zilizofika Mombasa na Malindi Aprili 1498.

Vita vya Miaka Mia vilitokana na nini?

Mirathi. Charles IV wa Ufaransa alikufa 1328 bila mtoto wa kiume. Edward III wa Uingereza alikuwa mwana wa dada yake, lakini Wafaransa wakasema kiti hakipiti kwa mwanamke, wakampa binamu wa marehemu, Philippe VI. Edward alikubali kwanza. Tatizo lilikuwa kwamba yeye, mfalme kamili kwao, alikuwa pia kabaila wa mfalme wa Ufaransa kwa sababu ya ardhi yake ya Gascony, nchi ya mvinyo. Philippe alipotangaza kuitwaa mwaka 1337, Edward akafufua madai yake. Vikaanza, vikaenda kwa vipindi hadi 1453.

Waingereza walishinda mapambano makubwa, Crécy 1346, Poitiers 1356 na Agincourt 1415, kwa upinde mrefu ulioshikwa na watu wa kawaida. Wapanda farasi wa Ufaransa wenye deraya walikwama topeni na mishale ikawanyeshea. Poitiers walimkamata mfalme Jean II mwenyewe, na fidia yake ikawekwa krauni 3,000,000. Aliachiwa akatafute fedha, wanawe wakabaki rehani. Mmoja wao akatoroka, na Jean, kwa kuona heshima yake imevunjika, akarudi London mwenyewe kwa hiari, akafia huko 1364. Wafalme wa namna hiyo si wengi.

Jeanne d'Arc, binti wa wakulima wa Domrémy, alikuja Ufaransa ilipokuwa imekata tamaa. Mei 1429 mzingiro wa Orléans ulivunjwa akiwapo, na Julai Charles VII akatawazwa Reims. Mwaka uliofuata alikamatwa na Waburgundi, washirika wa Waingereza, wakamuuza kwa Waingereza hao. Mahakama ya Kanisa ikamhukumu kwa uzushi, mavazi yake ya kiume yakiwa sehemu ya mashitaka, naye akachomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431 akiwa na miaka 19 hivi. Mfalme aliyemsaidia kufika kwenye kutawazwa hakulipa fidia yoyote kumkomboa. Hukumu ilitenguliwa 1456. Vita vyenyewe vilimalizwa na mizinga, huko Castillon 1453.

Tauni ilibadilisha nini?

Bei ya kazi. Ugonjwa uliingia Sisilia Oktoba 1347, na kwa miaka minne hivi uliua si chini ya theluthi moja ya watu wa Ulaya. Wayahudi walisingiziwa kutia sumu visimani na wakauawa katika miji mingi, japo Papa Clement VI alitoa hati za kuwakingia. Waliobaki hai waligundua kwamba bwana bila vibarua hana kitu. Uingereza ikapitisha sheria mwaka 1351 kurudisha ujira wa zamani. Juu ya hayo ikaja kodi ya kichwa, na shilingi moja kwa kila mtu mzima, tajiri na maskini sawa, ilitosha kuwasha moto mwaka 1381.

Watu wa Essex na Kent waliingia London. Mhubiri wao John Ball aliuliza: Adamu alipokuwa akilima na Hawa akisokota nyuzi, nani alikuwa bwana? Walichoma hati za mabwana, maana utwana wao uliandikwa humo, wakamkata kichwa askofu mkuu wa Canterbury. Mfalme Richard II, mwenye miaka 14, aliwaahidi uhuru. Kiongozi wao Wat Tyler aliuawa kwenye mazungumzo, na ahadi zikafutwa. Kodi hiyo hata hivyo haikurudiwa kwa muda mrefu.

Ni kweli kulikuwa na mapapa watatu kwa wakati mmoja?

Ndiyo, kuanzia 1409. Mapapa walikuwa wamehamia Avignon, mji wa kusini mwa Ufaransa ya leo, tangu 1309. Waliporudi Roma, uchaguzi wa 1378 ulifanywa huku umati ukipiga kelele nje kwamba anatakiwa Mwitalia. Miezi michache baadaye makardinali walidai walichagua kwa hofu, wakachagua mwingine, aliyekwenda kukaa Avignon. Ufaransa ikaenda na wa Avignon, Uingereza na wa Roma. Mkutano wa Pisa ulijaribu kusuluhisha kwa kumchagua wa tatu, na wale wawili wakagoma kutoka. Mtaguso wa Konstanz, mkutano mkuu wa Kanisa, ulimaliza jambo 1417. Mtaguso huohuo ulimchoma moto Jan Hus, mhubiri wa Bohemia, aliyefika akiwa na barua ya usalama kutoka kwa mfalme Sigismund.

Wanawake walitawala?

Wachache, na mara nyingi kwa njia ya urithi. Aliénor wa Aquitaine alikuwa malkia wa Ufaransa, ndoa ikabatilishwa 1152, na wiki nane baadaye akaolewa na mtu aliyekuja kuwa Henry II wa Uingereza, akihama na Aquitaine yake yote. Margrete I aliunganisha Denmark, Norwei na Uswidi kwa muungano wa Kalmar, 1397. Jadwiga wa Poland alitawazwa 1384 akiwa na miaka 10 hivi, kwa cheo cha mfalme.

Waliamini dunia ni bapa?

Wasomi hawakuamini hivyo. Vyuo vikuu vilifundisha kwamba ni mviringo kama mpira, kwa kitabu cha Sacrobosco cha karne ya 13. Hata wasiosoma waliona picha za wafalme wameshika tufe lenye msalaba juu yake, na tufe hilo ndilo ulimwengu.